Kununua nguo Mwanza bila kupoteza hela: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nashona nguo Kirumba, na sehemu kubwa ya kazi inayofika mezani kwangu si ya kushona upya. Ni nguo ambazo zimeshanunuliwa na mwenyewe anataka zipunguzwe, ziongezwe, au zifichwe tundu. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila wiki, na wanafunzi wa Malimbe kama wanavyouliza akina mama wanaoshuka melini kutoka Nansio. Nimeanza na ya msingi. Soma linalokuhusu, pale jibu linapogusa swali jingine, nimekuelekeza.

## Kabla hujatoka nyumbani

Ni kosa gani linalokula hela za watu kuliko mengine yote?

Kununua nguo ambayo bado inadai kitu. Gauni zuri, ila linadai sidiria usiyokuwa nayo. Suruali nzuri, ila inadai kupunguzwa kiuno. Viatu vizuri, ila vinadai nguo ya rangi ambayo humo kabatini haipo. Mtu akiwa sokoni anaiona bei ya nguo tu. Lile deni jingine halioni, kwa sababu atalilipa siku nyingine na mahali pengine.

Mteja mmoja aliniletea koti la rangi ya maziwa alilolipata Mlango Mmoja kwa 7,000, amefurahi kweli. Mabega yalikuwa yanamzidi, bitana imeachia kwapani, vishikizo viwili havipo. Nilipompigia hesabu ya kulifungua, kukata mabega, kurudishia mikono na kubadilisha bitana, kazi ilizidi bei ya koti zaidi ya mara tatu. Akaniambia, "Dada fundi, ngoja nijipange." Lile koti lilining'inia kwangu miezi minne, mwisho akalichukua kama lilivyokuja.

Kwa hiyo jiulize ukiwa bado umeshika nguo mkononi: nikitoka hapa, naweza kuivaa kesho asubuhi na vitu nilivyonavyo? Kama jibu ni "nikishapata kitu fulani", bei ya hicho kitu ijumlishe palepale ndipo uanze kupatana.

Nawezaje kujua ninachohitaji hasa?

Toa nguo zote uweke kitandani, zote, hadi zile za kwenye begi juu ya kabati. Vaa moja moja. Utakuta tatu au nne ndizo unazovaa wiki nzima, na nyingine zipo tu. Ziangalie zile unazozivaa: shingo yake ikoje, urefu unaishia wapi, kitambaa gani. Hiyo ndiyo nguo yako, na ndiyo ya kuitafuta tena, hata kama sokoni macho yanavutwa na nyingine.

Kisha zipige picha kwa simu. Ukiwa sokoni umeshika blauzi ya kijani, fungua picha uangalie kama kuna sketi itakayokaa nayo. Picha hizi zimewaokoa wateja wangu wengi na ugonjwa wa kununua blauzi nyeusi ya tano.

Nguo ya bei rahisi inawezaje kuwa ghali?

Gawanya bei kwa siku ulizoivaa. Tuseme ulinunua shati kwa 8,000 ukalivaa mara mbili likatupwa chini ya begi: kila siku uliyolivaa imekugharimu 4,000. Tuseme suruali ya kazini ulitoa 35,000, ukaivaa mara moja kwa wiki mwaka mzima: ni kama 673 kwa siku, na mwaka unaofuata bado iko kiunoni.

Nauli nayo ingiza humo. Anayetoka Buhongwa au Kisesa kwenda mjini mara tatu kwa sababu ya nguo moja, mara ya kununua, mara ya kubadilisha na mara ya kumfuata fundi, ameilipia ile nguo upya bila kujijua. Na wenzetu wa Sengerema na Geita: safari imekuwa nyepesi tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, na foleni ya kivuko cha Busisi haipo tena, lakini nauli bado ni hela.

Hali ya hewa ya Mwanza inaniambia ninunue nini?

Mji wetu uko juu, uso wa ziwa wenyewe ni kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana asubuhi kuna ubaridi unaotoka ziwani hata kama saa saba mchana utatoka jasho. Nguo inayotufaa ni ya kuvaliwa kwa tabaka: chini nyepesi, juu kitu unachoweza kukivua. Koti zito la manyoya la watu wa Ulaya utalivaa saa mbili, saa zilizobaki utalibeba mkononi. Anayepanda bodaboda alfajiri au kuvuka na kivuko cha Kamanga anahitaji jaketi jepesi la kuzuia upepo, basi.

Mvua zetu zinaanza Oktoba na kuendelea, kwa kupungua na kurudi, hadi Mei. Miezi hiyo suruali ya kuburuza chini inaharibika pindo ndani ya wiki mbili. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kina vumbi, na vumbi la njia za milimani huko Mabatini au Igogo linaonekana zaidi kwenye nyeusi kuliko watu wanavyodhani.

## Mitumba

Nikague vipi nguo ya mtumba kabla ya kutoa hela?

Kwanza, toka nayo nje. Vibanda vingi vimefunikwa turubai, na turubai la bluu linabadilisha rangi zote: nyeupe iliyogeuka njano inaonekana safi, nyeusi iliyopauka inaonekana nzito. Mwambie muuzaji kwa heshima, "Kaka, naomba niione juani." Anayekataa usogee hatua mbili mbele ya meza yake, mrudishie nguo yake uende kwa jirani.

Ukiwa juani, inyanyue kati ya macho yako na mwanga. Suruali iangalie katikati ya mapaja na kwenye makalio, shati liangalie viwiko na ukosi. Penye kitambaa kilicholika utaona mwanga unapenya kama kwenye chujio. Hapo pana mwezi mmoja au miwili tu ya kuishi, na kiraka cha sehemu hiyo hakifichiki.

Kwapani kukiwa na ramani ya njano ngumu ngumu, hiyo ni jasho na dawa ya kwapa vilivyokaa miaka. Nimejaribu kila sabuni, haitoki yote. Zipu ivute juu na chini mara tatu, na ya tatu fanya haraka. Lastiki ivute karibu na sikio: ikilia kama majani makavu, imekufa, na itakuachia kiuno njiani. Nguo ya sufu itafutie vitundu vidogo vya wadudu, maana kimoja unachokiona kina wenzake. Halafu inuse. Harufu ya stoo huisha ukifua. Harufu ya ukungu, ile ya nguo iliyolowa ikafungwa, inarudi kila ukitoa jasho.

Mwisho geuza ndani nje. Fundi mzuri anajulikana ndani ya nguo, na ubovu pia uko huko.

Kufika mapema belo linapofunguliwa kuna faida gani?

Kuna faida ya kuchagua, hakuna faida ya bei. Wa kwanza kufika wanapata nguo safi, wengi wao ni wafanyabiashara wenzao wanaokwenda kuuza tena dukani au kwenye simu, na bei ya saa hiyo ni ya juu. Jioni, au siku ya tatu, zilizobaki zinamwagwa chini na kuitwa kwa sauti: buku, buku, buku. Ukitaka koti la ofisini au nguo ya mtoto mchanga, wahi. Ukitaka fulana za kulalia na kulimia, subiri zimwagwe.

Ila sauti ya buku ina nguvu zake. Watu wanachota nguo sita kwa sababu ni rahisi, wanafika nyumbani moja ndiyo inavalika. Hapo buku imekuwa 6,000.

Lebo inasema saizi yangu lakini hainitoshi. Kwa nini?

Kwa sababu namba si za nchi moja. Gauni lililoandikwa 12 la Uingereza ni 8 la Marekani na 40 la Ulaya bara. Kwenye rundo moja la mitumba zote zimechanganyika, na nguo mpya za kutoka China mara nyingi ni ndogo kuliko herufi zake, kiasi kwamba XL yake inaweza kukubana wewe uliyezoea M. Juu ya hapo nguo ya mtumba imeshafuliwa. Ya pamba imenywea, ya kuvutika imelegea.

Iache lebo, tembea na kipimo. Chukua uzi, pima kifua, kiuno na nyonga, funga fundo kila mahali, uweke kwenye pochi. Bora zaidi, tandaza nyumbani suruali inayokukaa vizuri, pima upana wa kiuno ikiwa imelala, uandike kwenye simu. Sokoni tandaza ile unayoitaka, linganisha. Namba za suruali za kiume ni inchi, 32 ni kama sentimita 81, lakini inayokatwa ya kukaa chini ya kitovu hupimwa tofauti, kwa hiyo bado pima.

Viatu vya mtumba vinaonekana vipya kabisa. Mbona soli imevunjika wiki ya kwanza?

Hilo limenipata mimi mwenyewe. Nilinunua raba nyeupe, hazijavaliwa hata siku moja, nikazivaa kwenda kwenye msiba Sengerema. Nilipofika soli ya kulia ilikuwa inamwagika kama mkate mkavu, nikarudi nimefunga kiatu kwa kitambaa.

Sababu ni kwamba soli nyingi laini na nyepesi zinatengenezwa kwa aina ya plastiki inayoitwa poliyurethani, na plastiki hiyo inaliwa taratibu na unyevu wa hewani hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Kiatu kilichokaa stoo miaka mingi bila kuvaliwa kinaweza kuwa kibovu kuliko kilichovaliwa. Kwa hiyo kikunje kiatu kwa nguvu, bonyeza soli kwa ukucha upande wa kisigino. Ikiacha alama isiyorudi, ikinata, au ikitoa unga, rudisha. Soli ya mpira mzito au ya ngozi iliyoshonwa haina shida hii, na fundi viatu anaweza kuibadilisha.

Nguo za ndani za mitumba zinaruhusiwa? Na mitumba yenyewe haitapigwa marufuku?

Za ndani haziruhusiwi. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linakataza kuingiza na kuuza chupi, sidiria na soksi zilizokwishavaliwa, na mara kwa mara hufanya msako masokoni. Utaziona bado zinauzwa. Usinunue, magonjwa ya ngozi hayaonekani kwenye kitambaa kama doa linavyoonekana, na sidiria iliyolegea haina kazi hata ikiwa safi.

Kuhusu mitumba kwa jumla: mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ifikapo 2019. Rwanda ilishikilia msimamo, ikapandisha kodi. Tanzania haikufika huko. Usikimbilie kununua rundo kwa hofu ya tetesi.

Tununue belo zima tugawane na majirani?

Kama mnataka nguo za kuvaa, hapana. Belo la kawaida la kilo 45 linanunuliwa limefungwa, na maandishi ya nje yanasema aina, hayasemi hali. Mtapata nguo kumi nzuri zinazotakiwa na wote, na rundo lisilotakiwa na yeyote. Nimeona marafiki wa miaka mingi wakinuniana kwa sababu ya blauzi tatu. Belo ni la mfanyabiashara mwenye sehemu ya kuziuza zile mbaya.

## Kitambaa na vitenge

Nitajuaje kama hii ni pamba kweli?

Inaniuma kwamba tunaishi Kanda ya Ziwa, kunakolimwa sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania, halafu tunauziwa polista kwa jina la pamba. Njia ninayoitumia: omba uzi mmoja kutoka kwenye ncha ya kitambaa, uushike mbali na vitambaa vingine, uuwashe. Pamba inawaka upesi kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini linalopeperuka. Polista inajikunja, inayeyuka, na inaacha kitone kigumu cheusi. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Vikitokea viwili pamoja, jivu na kitone, ni mchanganyiko.

Polista si mbaya yenyewe. Haikunjiki, inakauka haraka, sare ya kazi inayofuliwa kila siku inafaa kuwa mchanganyiko. Kosa ni kulipia bei ya pamba, au kuishona gauni la kubana la kwenda kanisani mwezi wa Februari.

Kitenge kimenichujia rangi kwenye nguo zote. Ningejuaje?

Lowanisha kona ya leso nyeupe, isugue kwenye kitenge kwa nguvu, mara kumi hivi. Leso ikibeba rangi, kitachuja. Kisha geuza upande wa pili: kitenge kizuri cha wax rangi zake zinakaribia kulingana pande zote mbili, kile cha kuchapwa upande mmoja nyuma kimefifia.

Na kabla hujaniletea mimi au fundi mwingine, kiloweke usiku mmoja kwenye maji baridi, kianike, kipige pasi. Pamba hunywea ikifuliwa mara ya kwanza. Isiponywea ikiwa kitambaa, itanywea ikiwa gauni, na hapo utamlaumu fundi kwa kosa ambalo si lake.

Ninunue kitambaa kiasi gani?

Nenda kwa fundi kwanza ukiwa na picha ya mshono, halafu ndiyo uende dukani. Wengi wanafanya kinyume, wanakuja na kitambaa kimepungua mkono mmoja, na rangi ile dukani imekwisha.

Uliza pia kama unapimiwa yadi au mita. Yadi ni sentimita 91.44. Yadi sita ni mita 5.49, kwa hiyo ukidhani umepata mita sita umepungukiwa zaidi ya nusu mita, na nusu mita ndiyo mikono ya gauni lako. Upana nao: vitenge vingi ni kama inchi 45, vitambaa vya suti huwa vipana zaidi. Maua makubwa au mistari inayotakiwa kukutana kwenye mshono inakula kitambaa cha ziada.

## Kwa fundi

Nguo gani inarekebishika, na ipi niiache sokoni?

Hili ndilo swali ningependa kila mtu alijue kabla ya kutoa pochi.

Kinachorekebishika kwa hela ndogo: kupandisha pindo la suruali, sketi au mkono usio na kazi nyingi, kupunguza ubavu wa shati na gauni, kubadilisha zipu ya kawaida na vishikizo, kupunguza kiuno cha suruali kwa inchi moja, hadi mbili. Ukizidisha hapo mifuko ya nyuma inasogeleana hadi inakaribia kugusana, na kila aliye nyuma yako anaona.

Kinachowezekana lakini kwa gharama: kukata mabega ya koti. Mkono utoke, padi itoke, bitana ifunguliwe, kila kitu kirudi mahali pake. Mabega ndiyo mifupa ya koti. Yakikukaa, mengine tutayamaliza. Yasipokukaa, liache, hata kama ni zuri kiasi gani.

Kisichowezekana, au kinachowezekana kwa kuharibu: kuongeza suruali inayokubana makalio na kati. Ndani ya mshono huwa na akiba kidogo tu ya kitambaa, nguo nyingi za kiwandani zina sentimita moja au chini ya hapo. Hata ikiwepo, ukiifungua unaona mstari wa mshono wa zamani na rangi ambayo haijapauka kama wenzake. Ngozi ni vilevile, kwa kuwa tundu la sindano halifutiki. Na nguo za kuvutika zikishonwa kwa cherehani ya kawaida mshono unakatika siku ya kwanza ukiinua mkono. Zinahitaji mashine yake, uliza kama fundi anayo.

Kwa kifupi cha sokoni: kubwa kidogo inaongeleka, ndogo usiiongelee.

Nifanyeje fundi asinicheleweshe au asiharibu kitambaa?

Nasema kama fundi. Tunachukua kazi nyingi kuliko mikono yetu, hasa kuelekea Idi, Krismasi na miezi ya baada ya mavuno ambapo harusi zinafuatana. Kwa hiyo usimpe fundi tarehe ya sherehe, mpe tarehe ya wiki moja kabla, na uje kujaribu nguo ikiwa imeshikizwa tu, haijamalizwa. Toa sehemu ya hela, iliyobaki siku ya kuchukua.

Mletee nguo yako moja inayokukaa vizuri. Ile nguo inaniambia mengi kuliko maneno "isibane sana, isipwaye sana". Mweleze mshono akuandikie kwenye daftari, na picha mtumie kwenye simu, maana picha uliyomwonyesha ukaondoka nayo ataikumbuka nusu. Na fundi mpya mjaribu kwa kazi ndogo kwanza. Usimkabidhi kitenge cha bei kubwa mtu ambaye hujawahi kumwona akishona hata mto.

## Sare na sherehe

Kamati ya harusi imechagua sare ya gharama na rangi sitavaa tena. Nalazimika?

Kusema hapana kwenye sare ya ndugu ni kugumu, na sitakudanganya kwamba kunaisha kwa neno moja. Lakini kitambaa na mshono ni vitu viwili. Kitambaa ni cha kamati, mshono ni wako. Waombe kitambaa, halafu niletee nikushonee, au mwambie fundi wako akushonee, sketi na blauzi badala ya gauni moja refu. Sketi ya kitenge utaivaa na fulana nyeupe Jumamosi nyingine zote. Gauni refu la sare lenye mkia litakaa begini.

Kama wewe ndiye kamati, fikiria kilemba, mtandio au tai ya rangi moja, kila mtu avae nguo aliyonayo. Nimeshona sherehe mbili za hivyo, picha zilipendeza, na shangazi wa kijijini ambaye hana hela ya sare alikaa mbele na wenzake.

Suti ya bwana harusi: nunua, shona au kodi?

Kama kazini kwako unavaa suti, shona, chagua rangi ya bluu iliyoiva au kijivu, utaitumia miaka. Kama hutavaa suti tena hadi harusi ya mdogo wako, kodi. Suti nyeupe au ya dhahabu kodi kwa hali yoyote. Ukinunua ya mtumba, rudi kwenye jibu la nguo inayorekebishika, anza na mabega.

Sare za shule ninunue kubwa ili mtoto akue nazo?

Kubwa kwa urefu, si kwa mabega. Mwambie fundi aache pindo la inchi tatu ndani ya sketi au suruali, atalishusha mwakani. Mabega yakizidi, mtoto anaonekana kavaa ya kaka yake na shati linamtoka kwenye kaptula siku nzima. Na usisubiri Januari. Nenda Novemba au mwanzo wa Desemba, lakini pata kwanza uhakika wa rangi kutoka shuleni kwenyewe.

## Kwenye simu, na madukani

Nimeona nguo kwenye simu, muuzaji yuko Kariakoo. Nijilinde vipi?

Omba video fupi ya nguo yenyewe, si picha ya mwanamitindo, ikiwa imewekewa futi kifuani na kiunoni. Muuzaji mwenye mzigo mkononi anaifanya kwa dakika moja. Linganisha na vipimo ulivyoandika. Kabla hujathibitisha malipo soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa tofauti na la biashara, simama uulize. Kisha jumlisha gharama ya kutuma mzigo kwa basi hadi Mwanza na nauli yako ya kuufuata stendi. Ukifika, ufungue palepale huku ukirekodi.

Nguo isiyo na bei, ya "njoo inbox", mimi siifuati.

Duka lina kibao "mali ikiuzwa hairudishwi". Nifanye nini nguo ikiwa na kasoro?

Tofautisha kubadili mawazo na kasoro. Ukibadili mawazo, hiyo ni hisani ya mwenye duka, kwa hiyo patana naye kabla ya kulipa: "Isipomtosha mzee nyumbani, nitaruhusiwa kubadilisha saizi hadi kesho?" Kasoro ni jambo jingine, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi wa bidhaa mbovu, na kibao cha ukutani hakifuti sheria. Dai risiti ya EFD kila unaponunua dukani, kwa kuwa bila risiti huna cha kuonyesha. Rudi mapema, lebo ikiwepo, nguo haijafuliwa, na ongea kwa utulivu.

## Kutunza, na mambo yasiyo ya kawaida

Nifue wapi na nianikeje nguo zisiharibike mapema?

Usiingie kufulia ziwani. Ziwa letu lina kichocho, na anayesimama majini saa nzima anasugua nguo ndiye anayekipata. Chota maji, fulia nchi kavu.

Mtumba wowote ufue kabla ya kuuvaa. Anika nguo za rangi zikiwa zimegeuzwa ndani nje, jua letu linapausha upesi. Lakini anika juani kweli, zikauke kabisa, usitandaze kwenye nyasi wala kivulini: kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na buu lake huingia kwenye ngozi likatoa jipu. Pasi ya moto, ukiipitisha vizuri hadi kwenye mikunjo na viuno, inaua mayai hayo. Nguo za mtoto mchanga zipige pasi zote bila kuacha hata nepi.

Nembo za lebo: kila kitone kwenye picha ya pasi ni joto, kimoja pasi ya vuguvugu, vitatu ya moto sana. Pasi ya mkaa haina vitone, kwa hiyo weka kitambaa chenye unyevu juu ya nguo. Duara maana yake ni dobi wa kufua kwa dawa bila maji. Ukiona duara na beseni lililokatwa msalaba, ongeza gharama hiyo kwenye bei au iache nguo.

Nina mimba, au nimepungua sana. Ninunue nguo mpya?

Chache sana. Nguo za kufunga kwa kamba, dera, sketi ya lastiki pana, kitenge cha kujifunga. Mwili unaobadilika usiushonee nguo za kukaa sawasawa. Anayenyonyesha atafute za kufunguka mbele. Aliyepungua asubiri uzito utulie miezi kadhaa kabla ya kunipa makoti yote niyakate, maana nikishakata siwezi kurudisha.

Nimeshakosea. Nguo kumi ziko kabatini sizivai. Nifanye nini?

Usiziache zizeeke humo. Zenye lebo au hali nzuri ziuze mwezi huuhuu, kwa majirani au kwa wauzaji wa mitumba, na usishikilie bei uliyonunulia. Shati la kiume la pamba linatoa gauni la mtoto wa miaka miwili, na vishikizo vyake vinakuwa vya mgongoni. Gauni refu la kitenge linatoa sketi na mifuko miwili ya mto. Suruali ya jinzi iliyolika mapajani inatoa kaptula. Zinazobaki zipeleke kwa anayezihitaji zikiwa zimefuliwa na vishikizo vimekamilika.

Ukiwa huna uhakika ipi inafaa nini, zilete zote kwa fundi kwa pamoja, siku ya katikati ya wiki asubuhi, tukiwa hatuna foleni. Kuangalia hatutozi.